Sentensi za Kweli za Koletha

Utomvu wa ndizi mbichi una harufu ambayo watu wa kwetu hawaizungumzii, kwa kuwa wamezaliwa nayo vidoleni. Si nzuri, si mbaya. Inafanana kidogo na chuma kilicholowa. Siku ya tatu baada ya kumzika dada yangu Koletha, nilikaa na wanawake wengine nyuma ya nyumba ya wazazi wetu, hapa Kaisho, tukimenya ndizi za kuwapikia waliokuja kutufariji. Kisu changu kilikuwa butu. Wanawake walikuwa wakitaniana kwa sauti ya chini, kama watu wanavyofanya msibani wanapochoka kunyamaza.

"Wewe unamenya kama mwanamume aliyeachwa," mmoja alimwambia mwenzake.

"Aliyeachwa hamenyi, dada. Anakwenda kula kwa mama yake."

Nilicheka nao. Sikuwa nimelia, na mpaka leo ninapoandika haya sijalia. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaugusa, unajua kabisa ni wako, lakini hausikii kitu. Kisha nikapeleka mkono puani kujikuna, nikanusa ule utomvu, na sauti ya Koletha ikaja kichwani ikitamka neno la Kiingereza polepole, silabi moja moja, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe.

Wakati huo Koletha alikuwa kidato cha pili, kwenye sekondari iliyoko juu ya mlima. Mimi nilikuwa darasa la tano, nina miaka kumi na moja. Nyote mliosoma shule zetu mnajua jinsi mambo yalivyo. Miaka saba unasoma kwa Kiswahili, halafu asubuhi moja unaingia sekondari na kila kitu kimegeuka Kiingereza, hata habari za mbolea ya samadi ambayo umeibeba kichwani maisha yako yote. Wengi walikaa kimya darasani miaka minne, wakatoka kimya vilevile.

Mwalimu wao wa Kiingereza hakuupenda ukimya huo. Wanafunzi walimwita Ticha Mfano. Kila siku aliwapa maneno kumi magumu, wachore safu tatu kwenye daftari: neno, maana yake, na mfano wa sentensi. Maana waliruhusiwa kuichukua kwenye kamusi. Sentensi ilikuwa lazima iwe yao wenyewe, na iwe ya kweli, ya nyumbani kwao. Koletha alitusimulia kuhusu mwenzake mmoja aliyenakili kitabuni sentensi ya treni iliyochelewa. Ticha akamsimamisha.

"Treni hiyo ilipita wapi, kijana? Kwa bibi yako?"

"Hapana, Ticha."

"Basi bibi yako hufanya nini asubuhi?"

"Anakohoa, Ticha."

"Andika hiyo."

Kesho yake mtu alitakiwa kusimama na kusema maneno yote kumi bila kutazama. Kwa hiyo jioni, tulipomenya ndizi za chakula, Koletha alitamka kwa kichwa na mimi nilishika daftari lake magotini. Kazi yangu ilikuwa kufuata kwa kidole nione kama maana aliyoitamka ni ileile iliyoandikwa, na kama lile neno limo kweli ndani ya sentensi. Akipatia, napiga vema kwa kalamu ya wino mwekundu aliyoniokotea shuleni. Akikosea, namgonga kichwani kwa ganda la ndizi. Aliniita Mwalimu. Kwetu nilikuwa kitinda mimba, mtu wa kutumwa chumvi na kiberiti. Hakuna aliyewahi kuniita jina kubwa kama hilo.

Sikujua Kiingereza. Lakini mtu huwezi kufuata maneno kwa kidole jioni baada ya jioni yasikuingie. Kulikuwa na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili isiyo na jalada, tuliyopewa na katekista, na neno likinipendeza nilikwenda kulitafuta. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, sikuchaguliwa. Kiingereza nilicho nacho hadi leo ni cha daftari lile lenye madoa meusi ya utomvu.

Sentensi nyingine zilikuwa za kuchekesha. Kwenye neno "obstinate", lenye maana ya mtu asiyekubali kubadili msimamo wake, Koletha aliandika kwamba mbuzi wetu ni mkaidi na baba yetu pia. Baba, tuliyemwita Taata, na ndivyo alivyoandikwa hata kwenye sentensi ile, alikuwa amekaa karibu akinoa panga, akalisikia jina lake.

"Umesema nini juu yangu?"

"Nimesema mbuzi ana afya njema, Taata."

Taata akatikisa kichwa taratibu. "Kiingereza ni lugha nzuri," akasema.

Tulicheka hadi Mama akatoka jikoni kutazama. Tangu siku hiyo mimi na Koletha tulijua kuwa daftari lile ni chumba ambacho watu wazima wa nyumba yetu hawawezi kuingia.

Lazima niwaambie kuhusu Taata, msije mkamwona mbaya. Alikuwa amezika watoto wawili kabla yetu, na hofu ilikuwa imemfanya mtu wa kufunga milango. Mmoja wetu akipiga chafya alikatazwa kutoka. Koletha aliwahi kuumwa koo siku chache, na Taata akasema wazi mbele yetu sote: "Shule iko mlimani. Siku nikisikia mtoto huyu ni mgonjwa tena, habari ya shule imekwisha. Atakaa hapa nimwone kwa macho." Na Koletha alitaka shule kuliko kitu chochote. Alitaka kufika kidato cha nne, awe muuguzi. Alikuwa akiipiga migomba sindano kwa mwiba.

Sasa nazieleza zile sentensi nyingine.

Ilikuwa wakati wa kuvuna maharage. Kwenye neno "gradually", yaani kidogo kidogo bila kuonekana, aliandika kwamba miguu yake inakuwa mikubwa kidogo kidogo jioni. Nilifuata kwa kidole. Maana sawa, neno limo. Nikapiga vema. Baada ya siku kadhaa likaja "conceal", kuficha kitu kisionekane. Aliandika kwamba anaficha miguu yake ndani ya soksi. Vema. Nilikumbuka tu kwamba kweli alivaa soksi hata Jumamosi, nikadhani ni majivuno ya wasomi. Lilikuja lingine la mtu aliyeishiwa nguvu kabisa, na sentensi ilisema moyo wake hupiga kama ngoma kabla hajafika kwenye jiwe kubwa. Vema.

Jiwe kubwa lilikuwa katikati ya njia ya kutoka bondeni tulikochota maji. Yeye alibeba dumu la lita ishirini, mimi langu dogo la mafuta ya kula. Siku hizo alikuwa amezoea kutua dumu pale kwenye jiwe na kukaa.

"Nakungoja wewe, konokono," alikuwa akiniambia. "Utazaa watoto wakuache njiani."

Niliona aibu kwa uzito wa miguu yangu. Nilijitahidi kila siku nipande haraka zaidi, na kila siku nilimkuta amekaa.

Jioni moja neno la saba lilikuwa "pretend". Maana yake sikuifahamu kwa Kiingereza, lakini lilinipendeza, nikafungua kamusi: kujifanya, kujisingizia. Kisha nikafuata sentensi kwa kidole. Maneno yake yote mengine niliyajua. Ilisema: Kwenye jiwe ninajifanya namngoja mdogo wangu.

Nilisoma mara mbili. Nikainua macho. Koletha alikuwa akimenya, hakunitazama. Ganda lilikuwa linatoka refu, bila kukatika.

"Ni sahihi au si sahihi?" akauliza.

"Sahihi."

"Basi piga vema."

Nikapiga. Akaiweka ndizi kwenye maji, akachukua nyingine, halafu akanitazama.

"Una swali, Mwalimu?"

"Sina."

Alikaa kidogo, kisu hakijagusa ndizi. Kisha akaendelea na neno la nane.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilikuwa mtoto na Kiingereza sikukijua. Sentensi zile tatu za kwanza, labda. Hii ya nne niliielewa. Niliielewa yote, na ilizivuta nyingine nyuma yake, miguu na soksi na ngoma, zikasimama kwenye mstari mbele yangu. Nilinyamaza kwa sababu nilijua Taata angefunga mlango, na Koletha asingenisamehe. Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kuisema mbele za watu. Ya pili ni kwamba asipokwenda shule hakuna tena Mwalimu. Na ya tatu, ambayo sijawahi kumwambia mtu kabla yenu, ni ya maji. Nilijua kwamba Koletha akiwa mgonjwa, lile dumu kubwa litakuwa langu.

Wiki moja au mbili baadaye Mama alinikuta peke yangu nikipepeta maharage.

"Koletha ana nini siku hizi?"

"Hana kitu."

"Anapumua kama mtu aliyekimbizwa."

"Ni yale maneno magumu, Mama. Anayasoma mengi mno."

Mama akachukua ungo kutoka mikononi mwangu, akaendelea kupepeta yeye.

Koletha alianguka zikiwa zimebaki siku chache kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Hakufika hata kwenye jiwe. Nilisikia dumu likibingirika kabla sijamwona, nikaruka pembeni lisinigonge, na hilo ndilo jambo la kwanza nililofanya: kuruka pembeni. Tulimpeleka hospitali kwa bodaboda, yeye katikati, Mama nyuma akimshika. Mimi nilifuata na Taata kwa nyingine.

Daktari alibonyeza miguu yake kwa kidole gumba, shimo likabaki.

"Imeanza kuvimba lini?"

Mama akamtazama Taata. Taata akamtazama Mama.

"Wiki hii," akasema Koletha, na macho yake yakanijia mimi.

Nilijua kwamba ni tangu maharage. Nilikuwa na tarehe, iliandikwa juu ya ukurasa kwa mkono wake. Nikatazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, safi sana.

Tuliambiwa ni milango ya moyo, kwamba ilianza na maumivu ya koo ya utotoni. Alitakiwa kuchomwa sindano kila mwezi, asibebe vitu vizito. Kama angewahi, je? Taata aliuliza hilo. Daktari alisema kuwahi husaidia siku zote. Hakusema zaidi, na mimi sijui zaidi.

Mtihani hakuufanya. Taata alifunga mlango kama alivyoahidi. Koletha alilia siku mbili, kisha akaacha. Alijifunza cherehani, akashona sare za watoto wa shule kwenye kibaraza cha duka karibu na soko kwa miaka mingi kuliko tulivyotarajia. Dumu lilikuwa langu. Hatukuwahi kuzungumza juu ya sentensi zile, hata mara moja, na nafasi hazikukosekana. Mwaka huu, mvua za masika zikiwa zinaanza, moyo ulimchoka. Tumemlaza kibanjani, kati ya migomba, upande wa kahawa.

Basi siku ile ya tatu tulikuwa tukimenya, na jirani yetu mmoja, mama mwema aliyeleta ndizi mikungu mitatu, akashusha pumzi.

"Waitu, jamani, ndiyo dunia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msichana yule tangu mdogo alikuwa msiri."

Wengine wakaitikia. Nilihesabu ndizi zilizobaki kwenye rundo langu, zilikuwa sita. Jirani alipoinuka kwenda kutazama moto, nikamgeukia Mama aliyekuwa pembeni yangu. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, anamenya kwa kupapasa.

"Mama. Koletha hakuficha. Aliniambia mimi. Aliiandika kwa Kiingereza, nikaisoma, nikaielewa. Halafu ukaniuliza, nikakudanganya."

Mama hakuacha kumenya. Alimaliza ile aliyoishika, akaitumbukiza kwenye maji.

"Ulikuwa na miaka mingapi, mwana wange?"

"Kumi na moja."

"Mimi nilikuwa na thelathini na tisa," akasema. "Na zile soksi nilizifua mimi."

Jirani akarudi, akatuambia moto umeshika, tuharakishe.

Nilidhani nikilisema jambo hili litanitoka na machozi yatakuja. Halikunitoka. Ganzi bado ipo, na nimeanza kudhani labda ndiyo itakuwa hali yangu kwa muda. Lakini usiku ule, nimelala kwenye nyasi walizotandika sebuleni, wanawake wakikoroma pande zote, nilielewa kitu ambacho mtoto wa darasa la tano hakukielewa, ingawa maneno yote aliyajua. Nilidhani dada yangu ananipa siri niitunze. Nikaitunza vizuri, kama nilivyotunza kalamu. Lakini hakuna mtu anayeandika siri yake kwenye daftari la shule, na kumpa mwingine aisome jioni baada ya jioni, kama anataka itunzwe. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tano anayeogopa kufa na anayeogopa kuachishwa shule, na hakuweza kuchagua. Alitaka mwingine amchagulie. Alimtafuta mtu nyumba nzima, akanipata mimi.