Mpira Usiozunguka na Jipu la Uongo

Mnaoniuliza kwa nini sikanyagi Endabash, leo nitawaambia, ila mkicheka chekeni taratibu maana mimi bado inaniuma, na kule wapo watu ambao jina langu wamelisahau kabisa, wanachokumbuka ni yule mchumba aliyempiga baba mkwe mpira wa uso mbele ya kanisa zima.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi za sukari ya foleni na sabuni ya kukatiana vipande. Nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga pale Karatu, na siku moja mkanda wa mashine ukanidaka mkono wa kulia (nilikuwa natoa gunzi lililonasa, na msiniulize kwa nini sikuzima kwanza), ukaniachia vidole viwili, cha shahada na cha kati, vimekunjika kama ndoano, havinyooki. Kwenye hospitali ya misheni nilikotibiwa kulikuwa na Mmarekani mmoja kijana, Bwana Roni, kazi yake kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Wengine aliwapa vitambaa wakamue maji. Mimi aliponitazama vidole alifurahi kama mtu aliyeokota kitu, akakimbilia chumbani kwake na kurudi na mpira mweupe wa ngozi, mgumu kama jiwe, umeshonwa kwa uzi mwekundu, akasema kwao kuna mchezo unaitwa besiboli na kuna wachezaji wanahangaika miaka na miaka kukunja vidole vile nilivyokunjiwa mimi na mashine.

Alinifundisha mitupo miwili. Wa kwanza unauchimbia mpira ndani kabisa ya kiganja, na hata ukiurusha kwa nguvu zako zote unakwenda polepole kama umechoka. Wa pili ndio wenyewe: unaushika kwa ncha za kucha, dole gumba chini, kifundo cha mkono unakikaza, halafu huuviringishi, unausukuma tu. "Usizungushe, Gwandu," aliniambia kila siku kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Sukuma. Kama mlango, na mtoto amelala ndani." Ukitoka vizuri unapita hewani bila kuzunguka, mpaka uzi wake unauona, halafu hewa inaushika kwenye mishono, unaanza kutetemeka, unayumba huku, unadondoka kule, na anayeusubiri hajui audakie wapi. (Wala aliyeutupa hajui. Neno hilo ndilo ningepaswa kulishika.)

Miezi minne tulitupa kila jioni nyuma ya wodi, tumechora mraba wa mkaa ukutani. Kucha ziliuma, zikapasuka, zikaota. Kati ya mipira kumi, minane ilizunguka kama mpira wowote wa nage, lakini ile miwili iliyobaki, jamani, ilinifanya nijione mtu tena. Mgonjwa mmoja wa Kimaasai kutoka Endulen, aliyekuwa akikaa juani na mguu wake wa plasta, alitutazama siku nyingi halafu akasema, "Rungu nikilirusha linakwenda nilikolituma. Huo mpira wenu hauna mwenyewe."

Sasa wakati huohuo nilikuwa na posa Endabash, kwa Mzee Tsere, baba yake Paulina. Washenga walishakwenda, blanketi na asali vilishapokelewa, na siku ya kwanza kwenda mwenyewe kusalimia niliingia mkono wa kulia uko mfukoni mwa koti. Mzee akaninyooshea mkono. Hapa ndipo penye kosa lote, kosa dogo kabisa. Nilimpa mkono wa kushoto nikasema, "Shikamoo baba, nisamehe, nina jipu."

Akanionea huruma, akamwita mkewe aniletee dawa ya majani. Mara ya pili nilipokwenda nikasema limeota jingine. Paulina, ambaye habari ya mkono wangu aliijua tangu mwanzo, alinisindikiza mpaka njiani akaniambia, "Mwambie baba." Nikamwambia nitamwambia. Na kweli nilikuwa na nia, ila kila siku niliona afadhali kesho.

Ikaja sikukuu ya mavuno. Kiwanja cha kanisa kilijaa watu, sadaka zimepangwa mbele: magunia ya mahindi, maharage, kuku waliofungwa miguu, vikapu vya mayai. Baada ya ibada vijana wakapanga makopo ya maziwa juu ya meza, atakayeyaangusha kwa mtupo mmoja anapewa jogoo. Mzee Tsere, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa, alikaa kwenye benchi la mbele, hatua chache tu kutoka kwenye meza, vikapu vya mayai nyuma yake. Na nani anashuka kwenye Land Rover ya misheni na mpira mkononi? Bwana Roni. Akapaza sauti, "Gwandu! Huyu mkono bora kabisa!"

Watu wakageuka. Mimi mkono mfukoni. Vijana wakaanza, "Anaogopa huyo!" Hapo Mzee Tsere akasimama, tena kwa upole, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mwacheni kijana wangu. Ana jipu mkononi."

Ningenyamaza tu. Paulina alikuwa upande wa wanawake, ananitikisia kichwa. Lakini wale vijana walicheka hilo jipu, na mimi kiburi kikanipanda, nikasema, "Limepona, baba," nikautoa mkono haraka haraka, nikaupokonya mpira kwa Bwana Roni na kuvikaza vidole juu yake, maana vidole vikishaushika huwezi kujua kama vimekunjika au vimekunjwa.

Nikasukuma. Na ndugu zangu, ule ndio ulikuwa mpira mzuri kuliko yote niliyowahi kutupa maishani. Haukuzunguka hata kidogo. Ulielea, watu wakasema "aaah," ukafika karibu na makopo ukatetemeka, ukayaacha, ukageukia kushoto na kumpata Mzee Tsere, aliyekwisha kuketi tena, juu ya jicho. Akaanguka kinyumenyume na benchi lake juu ya vikapu vya mayai. Kuku wakapiga kelele, watoto wakacheka, halafu damu ikaonekana na hakuna aliyecheka tena.

Nilikimbia kumwinua, na kwa haraka ile nikampa mkono wa kulia. Akaushika. Akavisikia vidole. Akabaki ameketi ndani ya mayai, damu inamtiririkia shavuni, anavitazama vidole vyangu kimoja kimoja.

"Hili ndilo jipu?" akauliza.

Bwana Roni, masikini, akidhani ananitetea, akaanza kuwaeleza watu wote jinsi mashine ilivyonishika mwaka uliopita na jinsi nilivyojitahidi. Kila sentensi yake ilikuwa inanizika.

Mzee alipelekwa hospitalini kwa ile Land Rover, akashonwa nyuzi tano. Siku ya nne blanketi langu likarudi, limekunjwa vizuri, na asali pamoja nalo.

Paulina alikuja mwenyewe kunitafuta hospitalini. Hakulia, ningependa angelia. "Baba hana neno na vidole," akasema. "Mama anachechemea tangu usichana wake, na baba alimwoa hivyohivyo. Hukuona mama anavyotembea?"

"Niliona."

"Sasa uliogopa nini?" Nikaurudisha mkono mfukoni. "Anasema hata kidonda atasamehe. Lakini alisimama mbele ya kanisa akakusemea, na wewe ukamwacha aseme uongo bila kujua. Anasema hawezi kunipeleka kwa mtu wa hivyo." Akafunga khanga yake vizuri, akaondoka. Mwaka uliofuata aliolewa na mwalimu wa huko Sale.

Bwana Roni aliporudi kwao alitaka kuniachia ule mpira, nikakataa. Baadaye sana, nilipokwenda kuposa tena, kwa watu wa Mbulu, niliweka mkono mezani kabla hata sijakaa, nikasimulia yote, la jipu na la mayai. Mzee wa nyumba ile alicheka mpaka akashika mbavu, akanivutia kiti. Nami nikakaa, nikanywa chai yake, na nilichokuwa nakiona ni kwamba ilikuwa rahisi kiasi kile. Maneno machache tu, na mtu anakuvutia kiti.