Kikopo cha Mfuko wa Kushoto

Wauza saa kuukuu walimwita Jicho, na jina hilo alilivaa kwa mikogo. Saa ya mkono yenye umri wa miaka sitini ikiletwa mezani kwake, hana haraka ya kuifungua. Anauchungulia uso wake kwa lenzi, anaufunika kwa kitambaa cheusi, anaumulika kwa tochi, anazima na kuanza kuhesabu. Nukta za rangi za usoni zikiendelea kung'aa, basi zimepakwa juzijuzi tu. Rangi ya enzi zile imechoka. Inawaka kidogo, inakufa.

Lakini alichokiamini kuliko vyote ni kovu. Saa ikilala kabatini miaka mingi bila kutiwa ufunguo, rangi ya mishale yake huunguza uso pale ilipotulia, ikaacha kivuli cha kahawia.

"Kupaka rangi mtu anaweza," aliwaambia madalali. "Kuunguza polepole miaka thelathini, nani ana subira hiyo?"

Madalali walicheka na kuondoka na bandia zao. Yeye mwenyewe, fundi mzima na mvi zake, hakujiuliza hata siku moja ni kitu gani hicho kinachounguza polepole.

Kwa kulinganishia alikuwa na kikopo bapa cha peremende, ndani yake nyuso sita na mishale kama arobaini, vyote vimetolewa kwenye saa zilizokufa. Hakukiacha mezani, maana madalali wana vidole vyepesi. Kilikaa mfuko wa kushoto wa shati, huu mwaka wa kumi na tisa. Karatasi aliyoitandika ndani ilikuwa ikigeuka kahawia kwa mistari mistari, naye alikuwa akiitupa na kutandika nyingine.

Mkewe alishafariki. Aliishi na binti yake, mfanyakazi wa chumba cha eksirei hospitalini, pamoja na mjukuu wa miezi minane ambaye babu ndiye yaya wake. Mtoto huyo kulala kwake ni vita. Kitanda alikikataa, mgongo aliukataa, akakubali kifua cha babu tu. Kila mchana, mtoto akishamaliza chupa ya maziwa, Jicho alijilaza kwenye kiti chake kirefu, mtoto kifudifudi juu yake, shavu kwenye mfuko wa kushoto, na wote wawili wakakoroma hadi mama mtu aliporudi.

"Baba, umeniibia mtoto," binti alimtania, na moyoni alishukuru.

Kila jioni alitundika koti lake jeupe kwenye msumari wa karakana ya hapo nyumbani, juu ya shati la kazi la baba yake. Kwenye koti kulikuwa na beji ndogo ya kupimia mionzi inayowapata wafanyakazi. Beji ilitakiwa ibaki kazini, ila kila siku alisahau kuivua.

Mwezi ule akaitwa ofisini. Beji yake ilisoma mionzi mingi kuliko za wenzake wote zikijumlishwa. Wakakagua mashine, kuta na milango, wasione kasoro. Mkuu wake akamuuliza kama huwa anazembea, anasimama mbele ya mashine ikiwa inapiga. Binti alirudi nyumbani macho mekundu. Jicho alifoka: mashine zao ndizo mbovu, wanatafuta wa kumbebesha lawama, na kesho angekwenda mwenyewe kuwaambia. Hakwenda.

Wakamhamishia mapokezi, mbali na mashine yoyote. Mwezi wa pili beji ikasoma vilevile. Hapo hasira zikaisha, hofu ikaingia. Mkuu akamwambia kwa upole kwamba kama mionzi hiyo haipatii hapa, basi anaipatia kwingine, akamwazima kifaa cha kupimia.

Binti aliingia karakana saa nane mchana, kifaa mkononi. Baba na mtoto walikuwa kwenye kiti, mtoto amelala fofofo. Kifaa kililia tik mara mojamoja mlangoni, mara mojamoja ukutani. Akakipeleka kwenye msumari. Mojamoja vilevile.

"Koti langu hulala hapa," alisema, kama anayejiuliza.

"Pamoja na shati langu," baba alijibu.

Binti akageuka. Shati baba alikuwa amelivaa. Kila hatua aliyosogea, kifaa kiliongeza kasi, na alipoinama juu yao kililia mfululizo, mtoto akakunja uso usingizini.

"Baba, mfukoni una nini?"

Jicho alikivuta kikopo chini ya shavu la mtoto. Binti akamnyakua mwanawe kwanza, akampeleka hadi kona ya mbali, ndipo akarudi na kufungua kifuniko. Akapitisha kifaa juu ya uso mmoja mmoja. Kulikuwa na mmoja ambao Jicho aliutilia shaka kwa miaka kumi na mmoja. Juu ya huo pia kifaa kililia. Vyote vilikuwa na rangi halisi ya enzi zile, ile yenye mionzi. Hakukosea hata kimoja.

Jicho akaiangalia karatasi na mistari yake ya kahawia. Akamwangalia mtoto. Shavuni palikuwa na alama nyekundu ya ukingo wa kikopo, ya kulalia tu, na alijua itafutika kabla ya jioni. Alama nyingine, za ndani, hakuwa na lenzi ya kuzionea.

"Tangu lini analala na hiki kitu?" binti aliuliza.

"Tangu uliporudi kazini," alisema. "Kila siku."