Sakafu ya Mavi ya Chuma

Nilipochoka kupakua malori Tunduma, nilipanda milima ya Mbozi nikapata pa kulala kwa mama mmoja mkulima wa kahawa. Kila masika maji yalipita jikoni kwake, na mama yake mzazi, bibi mzee sana, alikuwa ameteleza kwenye tope akaumia nyonga. Sasa mawingu yalikuwa yanakusanyika tena.

Kokoto za kuinulia sakafu ya jikoni hatukuwa nazo. Lakini katikati ya mibuni kulikuwa na mavi ya chuma, mabonge meusi yaliyobaki pale wazee walipoyeyusha chuma zamani. Niliyabeba siku tatu ndani ya ukungu. Nikipasua bonge, ndani linang'aa rangi ya buluu, kama maji yaliyolala, nami nasahau nyundo mkononi. Niliyashindilia jikoni, nikaziba mianya kwa udongo na saruji kidogo.

Bibi aligoma mlangoni. "Zamani mwanamke hakuruhusiwa kukaribia tanuri la chuma," alisema. "Mama yangu alipeleka ugali, akauacha njiani. Ule moto aliuona kwa mbali tu."

"Basi rudi kwenye tope lako, mama," binti yake alimtania.

Mvua ikaanza kugonga bati. Bibi alivua kandambili, akashusha unyayo mmoja polepole, kama anayepima maji ya mto. Akasimama hivyo muda mrefu, macho ameyafumba.

"Kumbe ni baridi," akasema, akaleta na mguu wa pili. "Wewe mzururaji, nipe kigoda changu. Na muwashe moto."