Nilivyoitafsiri Divai ya Mzee Anselmo

Mnaniulizanga kwa nini harusini divai ikizungushwa mimi nafunika glasi kwa kiganja kama mtu aliyeokoka jana, na mimi hujibu kwamba tumbo linanisumbua, lakini huo ni uongo mtupu, tumbo langu ni zima kabisa, kinachonisumbua ni aibu, na leo acha niitoe yote maana nimechoka kuibeba peke yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na miaka ishirini na minne, nafanya kazi msituni Isecheno. Kazi yenyewe ilikuwa kufuata kima tangu asubuhi, nikiandika kwenye daftari nani amekula jani gani na nani amemfukuza nani (msicheke, nililipwa kila mwezi), na bosi wangu alikuwa mwanamke Mwitaliano, Daktari Chiara, aliyekaa kwetu miaka mitatu mpaka Kiswahili chake kikawa na lafudhi ya Shinyalu. Alikuwa anajiandaa kurudi kwao. Kabla ya kuondoka alitakiwa amchague kiongozi wa wasaidizi, mtu wa kupokea wageni na kuwatafsiria kwa wanakijiji, na kila mtu alijua ni mimi, tena mimi nilijua kuliko wote. Nilikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne na mdomo mkubwa wa kukitangaza.

Basi Chiara akaamua kuaga kijiji kwa chakula cha mchana, siku ya Jumamosi, na baba yake akasafiri kutoka Italia kuja kumchukua. Mzee Anselmo alikuwa mwembamba, mikono mipana ya mkulima, kucha zina weusi ule usiotoka hata kwa sabuni. Kiswahili alijua "jambo" peke yake, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Alikuwa amebeba chupa moja tu ya divai, ameizungushia sweta safari nzima, akaisimamisha mezani katikati ya sufuria za ingokho, kuku wa kwetu, na sinia za obusuma, yaani ugali, kama mgeni wa heshima.

Watu wakala. Naibu wa chifu alikuwepo, na mama yangu pia, amekaa mstari wa mbele na akina mama wenzake wa kanisa, vitambaa vyeupe kichwani (kanisa letu lilikuwa halitaki pombe hata ya kunusa). Baba yangu alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na tangu siku hiyo Mama alikuwa hazungumzi sana mbele za watu. Mimi sikula. Nilikuwa nazunguka na beseni la kunawisha wageni ili nionekane, na tumbo langu lilikuwa na chai ya asubuhi tu.

Soda zikaisha. Chiara akachukua funguo za gari aende Shinyalu kuongeza, lakini kwanza akaniita kando.

"Jotham, Baba anataka kusema maneno machache kuhusu hiyo divai. Mningoje, nitamtafsiria mwenyewe."

"Hakuna shida."

"Mningoje, sawa?"

"Sawa, Daktari."

Haikuchukua dakika kumi. Naibu wa chifu akaanza kutazama saa yake na kuguna. "Sasa huyu mzee ataongea saa ngapi? Mimi niko na balaza ingine Khayega." Na mimi, badala ya kusema tungoje, nikasema, "Mheshimiwa, nitatafsiri mimi. Huyu mzee namsikia vizuri sana." Nilisema hivyo kwa sauti, akina mama wasikie. Mzee Anselmo akatazama barabarani akauliza, "Chiara?" Nikampiga bega (mtu wa umri wa babu yangu!) nikamwambia kwa Kiingereza asijali, leo mimi ndiye mdomo wake.

Akaizibua chupa polepole, akanimiminia mimi kwanza. Divai ilikuwa nyekundu ya kukolea, karibu nyeusi, kama maji ya zambarau zilizoiva mpaka zikapasuka. Akanionyesha niizungushe ndani ya glasi, ninuse, nionje kidogo, niiache itembee mdomoni. Nikanusa: udongo uliotoka kunyeshewa, na moshi kidogo. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mtu anayetazamwa haonji kidogo. Nikaimeza yote mara moja kama soda.

Jamani. Ilikuwa nzito, ikashika ulimi kama pera bichi, ikakausha fizi zote, ndipo ikashuka na moto wake taratibu hadi kwenye lile tumbo tupu. Macho yakanitoka machozi. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikajifuta, nikasema kwa maringo, "Hii ndiyo yenyewe!" Mzee akafurahi akanijazia tena. Nikaimeza tena. Nilipoiweka glasi chini masikio yalikuwa ya moto na nilijiona mbunge.

Ndipo mzee akasimama, chupa mkononi, akaanza kusema.

Alianza na mizabibu. Hapo nilimwelewa: mizabibu ya kale sana, mashina mazito kama paja la mtu, ambayo huzaa zabibu chache lakini zenye nguvu. Nikatafsiri vizuri, watu wakaitikia. Kisha akataja waifu wake. Sasa, katika kinywa cha yule mzee, waifu na waini vilikuwa vinatoka kwa sauti moja, na mimi kwa masikio yale ya moto nikasikia waini, yaani divai, badala ya mke. Nilihisi kuna kitu hakikai sawa, hilo sitawaficha. Ningeweza kumwambia arudie. Lakini naibu wa chifu alikuwa ananitazama, akina mama wananitazama, nikaona nikisema sijasikia nitakuwa nimekwisha.

"Anasema ameishi na divai yake miaka arobaini na minne," nikatangaza, "na wanalala kitanda kimoja!"

Watu wakaangua kicheko. Naibu wa chifu akapiga meza. Mzee akasita, akatutazama, akatabasamu kidogo kama mtu asiyejua desturi za wenyeji, akaendelea, sauti imeshuka. Nikaokota maneno mawili matatu, kitanda, kijiko, miezi mingi.

"Anasema ikifika miezi ya mwisho hainywi kwa glasi tena, anainywa kwa kijiko, akiwa amelala!"

Wengine walikuwa wameinama wameshika mbavu. Na mimi, badala ya kutosheka, nikatia chumvi yangu mwenyewe, nikasema kwamba mzee anasema siku divai ikimwishia, azikwe nayo. Maana nilikuwa nimesikia neno kaburi.

Katikati ya kile kicheko nikasikia sauti ya Mama, ya chini, kwa Kiluhya, akiuliza huyo mzee anasema nini hasa. Nikamwambia, "Si ndiyo hiyo natafsiri, Mama." Akasema, sasa kwa Kiswahili, "Jotham, huyu mtu analia. Unatuambia nini?"

Nikageuka. Mzee alikuwa amenyamaza, anaishika ile chupa kwa mikono miwili kifuani, machozi yanashuka bila kufutwa. Na gari la Chiara lilikuwa limeshafika, amesimama nyuma ya watu na kreti ya soda, anauliza kinachochekesha. Naibu wa chifu, bila nia mbaya yoyote, akamwambia huku bado anacheka, "Babako ni mtu wa laha sana! Ati analalanga na divai kitandani, anaikunywa na kijiko!"

Chiara akaweka kreti chini. Akaongea na baba yake kwa Kiitaliano, maneno machache, kisha akatugeukia. Hakunitazama mimi. Alitazama watu.

"Mama yangu alikufa mwaka jana," alisema. "Waliishi na Baba miaka arobaini na minne. Alipougua Baba alikuwa anamlisha kwa kijiko. Hii divai imetoka kwa mizabibu ya babu yake Mama, Mama ndiye alikuwa anaipogoa kila mwaka. Hii ni ya mavuno yake ya mwisho. Baba alitaka nyinyi mliokaa na mimi muionje."

Nikataka kupiga magoti niombe msamaha, na hapo pia nikaharibu: miguu ilikuwa si yangu, nikajikwaa kwenye meza, nikamshika mzee mkono nisianguke, chupa ikamponyoka. Haikuvunjika, ilibingirika tu, ikimwaga, ikimwaga, udongo wetu mwekundu ukiinywa bila hata kuacha doa. Mzee akainama akaiokota. Yalikuwa yamebaki mafunda mawili, labda matatu.

Mama akasimama. Akachukua kikombe cha plastiki alichokuwa amenywea maji, akatembea mpaka mbele ya yule mzee, akakinyoosha. Wenzake wakamwita kwa jina, akajifanya hasikii.

"Daktari, mwambie hata mimi nilibaki," akasema. "Mwambie wangu pia nilimlishanga."

Chiara akatafsiri. Mzee akamtazama Mama kwa muda mrefu, kisha akammiminia yale yaliyobaki yote. Mama akaonja kidogo, akaiacha mdomoni, akafumba macho. Hakuwa ameonyeshwa. Akameza, akasema, "Ni kali. Lakini inakaa." Na alipotafsiriwa hayo mzee akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akaushika mkono wa Mama, wakasimama hivyo watu wawili wasioelewana neno hata moja, wakaelewana kuliko sisi wote.

Chiara hakunigombeza. Jioni ile aliniambia neno moja tu, "Hukungoja," na Jumatatu nafasi ikaenda kwa mwenzangu aliyekuwa anaongea kidogo. Hiyo nilistahili. Ambayo sikuistahimili ni ya kanisa: wazee walimwita Mama, wakamtenga miezi mitatu, hakuna kwaya, hakuna meza ya Bwana, kwa kunywa pombe hadharani. Mimi niliyekunywa glasi mbili waliniachilia, ati ni mambo ya vijana na kazi. Nilikwenda kuwaeleza kwamba kosa ni langu. Wakanisikiliza kwa heshima na hawakubadilisha kitu.

Kila Jumapili, miezi hiyo mitatu, Mama alikwenda akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, wenzake wakiimba mbele, nami nimekaa kando yake nikitazama miguu yangu. Nilimwandikia mzee Anselmo barua ya kuomba msamaha, kwa Kiingereza safi nilichokinakili mara nne. Haikujibiwa.

Tangu siku ile nimeapa, nisiposikia kitu nasema sijasikia, rudia, hata mbele ya waziri, hata wakinicheka. Lakini kiapo hakikumrudisha Mama kwenye kwaya, maana adhabu ilipokwisha alikataa kurudi, na hakuimba tena mpaka tulipomzika. Hakuwahi kunilaumu. Ila siku moja, tukitoka kanisani, akaniuliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Kama hukuwa umesikia, mwanangu, si ungesema tu?"