Mwanangu wa Dawati la Nyuma

Mwanangu aliugua homa ya uti wa mgongo kabla hajaanza kusema. Homa ikamwachia uhai, ikamchukulia masikio.

Nyumbani kwetu Maramba tulielewana kwa ishara zetu wenyewe. Akigusa koo, anataka maji. Akifinyanga hewa kwa vidole, ni ugali. Alipofika umri wa shule nikampeleka shule ya msingi ya jirani. Walimpokea vizuri, wakamkalisha dawati la nyuma, na huko akasahauliwa. Madaftari yake yalijaa mwandiko mzuri kuliko wa kaka yake, kila neno limenakiliwa kutoka ubaoni, wala hakujua maana ya hata moja.

Siku moja akarudi na alama ya fimbo mkononi. Nilikwenda shuleni nimejifunga kibwebwe.

"Mwalimu, mwanangu umemchapa kwa lipi?"

"Nilimwita, akaninyamazia. Nikadhani ni kiburi." Alikuwa binti mdogo, sauti imemkauka. Nyuma yake watoto walibanana kwenye madawati, wengine wamekaa sakafuni. "Nisamehe, dada. Sikufundishwa kusema na mtoto asiyesikia. Hata nikijua, hawa wengine nitamwachia nani?"

Hasira niliyokwenda nayo ikakosa pa kutua.

Mwalimu mkuu akanishauri nimpeleke Tanga mjini, kwenye shule ya serikali yenye kitengo cha viziwi. Nikaenda. Bweni limejaa, nikaambiwa, nirudi mwakani. Mwaka uliofuata nikarudi, bweni bado limejaa. Ndipo nilipomwachia mume wangu shamba na yule kaka mtu, nikahamia Tanga kwa shangazi yangu, mtaa wa Raskazone, kwenye chumba cha uani cha nyumba anayofanyia kazi, ili mwanangu asome kutwa.

Siku ya kwanza, mwalimu wa kitengo, mama wa makamo, alimsalimia kwa mikono. Mwanangu akageuka nyuma kutazama nani anayesemeshwa. Hapakuwa na mtu. Akamgeukia tena mwalimu, akajigusa kifua: mimi? Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Nilitoka nje nikalia nyuma ya vyoo vya shule, maana sikutaka anione.

Akachanua. Ndani ya miezi michache alijua kwamba kila kitu kina jina, na maneno aliyokuwa akiyachora yakaanza kumwambia kitu.

Kisha mwalimu yule akastaafu. Nilikwenda ofisi ya elimu, nikaenda tena. "Tumeomba mwingine, mama. Tuvute subira." Hadi leo hajaletwa. Wanafunzi wakubwa ndio wanaowafundisha wadogo, na mwalimu wa darasa la jirani huja kuwatazama wasipigane.

Juzi alirudi analia. Akasimama mbele yangu, mikono ikaenda mbio, habari ndefu. Nilishika "mwalimu", nikashika "hakuna". Mengine yote yalinipita. Nikamshika mabega, nikamwonyesha arudie. Akarudia polepole, kama anavyosemeshwa mtoto mchanga. Bado sikuelewa. Nikamgusia koo langu, kwa ile ishara yetu ya zamani, nikimuuliza kama anataka maji, kwa kuwa sikuwa na lingine la kumwambia.

Akatikisa kichwa. Kisha akafuta uso, akavua sare, akaenda kuifua.