Siku Nilipowaonyesha Mawimbi ya Umeme

Nilijigeuza kitandani nikijiuliza kama mota ingeungua kabla ya asubuhi. Nikajijibu kwamba haiwezi kuungua maana imezimwa. Kisha nikaanza kujiuliza kama kweli imezimwa.

Nilikuwa ndio kwanza nimemaliza chuo kikuu, nikapangiwa kazi ya maji Singida. Nilitumwa kwenye kijiji cha ujamaa upande wa Mkiwa, watu wake wakiwa bado wanajenga nyumba. Walikuwa na kisima kirefu kimoja, mota moja ya kuendesha pampu, na jenereta ya dizeli ya kuipa umeme. Mota ile ingekufa, wangerudi kufukua mchanga korongoni kutafuta maji.

Hakuna aliyeniomba maonyesho. Nilibeba osiloskopu ya ofisini, chombo cha kuonyesha umeme kwenye kioo, kwa sababu niliona aibu kuitwa mtaalamu nikiwa sijafanya lolote. Mchana wa siku ile, baada ya mkutano wa kijiji, niliiunganisha na nyaya za mota, watu wakasongamana kwenye kibanda cha injini ya jenereta, kando ya kisima. Mstari wa kijani ukatokea kwenye kioo, ukipanda na kushuka.

“Huo ndio umeme wenyewe,” nikasema.

Nikamwomba mwendesha injini apunguze mafuta. Mawimbi yakatanuka, mota ikapunguza mwendo, maji ya bombani yakatoka membamba. Nikamwambia aongeze, aongeze tena. Mawimbi yakabanana na maji yakaruka nje ya pipa.

Mama mmoja mwenye ndoo akaangua kicheko. “Kumbe tulikuwa tunanyimwa! Wewe wa injini, haya maji uliyaficha wapi?”

“Muulize mtaalamu,” mwendesha injini akamjibu. “Mimi naendesha kama nilivyoachiwa.”

Mwenyekiti wa kijiji, mzee wa rika la babu yangu, akainua mkono. “Ndugu zangu, kuanzia kesho injini iende hivi hivi, mawimbi yakiwa yamebanana. Au siyo, mwanangu?”

Nilijua jibu. Pampu ikikimbizwa, mzigo wa mota hupanda haraka kuliko maji yanavyoongezeka, na mota huchemka. Lakini ningemwambiaje mzee hapana mbele ya watu wake? Isitoshe, na hili ndilo lililoniuma zaidi, walikuwa wananipigia makofi.

“Ndiyo, mzee,” nikasema.

Kulipopambazuka nilisikia injini ikilia kwa nguvu kabla sijavaa viatu. Nilikwenda kisimani mbio. Nikaweka kiganja juu ya mota, nikakiondoa papo hapo. Nikajiambia labda ni jua, na jua lilikuwa halijachomoza. Nikajiambia nimtafute kwanza mwenyekiti, tuongee pembeni. Alikuwa pale pale, amekaa kwenye gogo, anatazama maji.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Unaona kazi yako?”

“Mzee, jana nilikujibu vibaya. Tukienda hivi, mota itaungua.” Nilisema kwa sauti, foleni nzima ya wachota maji isikie, maana jibu la jana nao walilisikia.

“Sasa ndio unasema!” akafoka yule mama wa jana. “Jana ndiyo, leo hapana. Hiyo shule yako ilikufundisha yote mawili?”

Watu wakacheka, ila si kwa furaha. Mwenyekiti akarudisha macho kwenye maji. Nilitamani aniamuru, ili kosa au haki visiwe vyangu peke yangu. Hakuniamuru. Niliingia kibandani, nikamwomba mwendesha injini anipishe, nikaushika mkono wa mafuta na kuurudisha chini, maji yakapungua machoni pao wote.