Msuluhishi wa Kimataifa, Tawi la Nkuhungu

Nani aliwaambia ndugu zangu kwamba mimi ni msuluhishi?

Leo ilikuwa siku ya mwisho kutuma insha kwenye shindano la mawakili vijana wa usuluhishi wa kimataifa. Nimebakiza hitimisho tu, mama mdogo anapiga simu kutoka Nkuhungu, analia.

"Mwanangu, si ndiyo kazi yako kusuluhisha? Njoo uongee na baba yako mdogo."

Jamani, mimi nasuluhisha migogoro ya makampuni!

Lakini utamkataliaje mama mdogo?

Nafika, nawakuta wanacheka. Wameshapatana. Nikakalishwa nile ugali na mlenda kwanza.

Narudi, dirisha la kupokea insha limefungwa.

Haya, nichekeni.

Mada yangu ilikuwa: "Kwa nini msuluhishi akatae kesi ya ndugu zake."